Oili ya Giaboksi ya Auto: Tuitunze Gari ya Kikundi



Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo vikundi kadhaa vimetuomba tulieleze, yaani giaboksi ya auto na oili yake. Vikundi vingi vilianza na kuku, mbuzi wa maziwa au tangi la maji. Vingine vimeendelea hadi kununua gari. Gari hiyo hupeleka maziwa asubuhi, hubeba viazi na maharagwe siku ya soko, na usiku hukimbiza mama mjamzito hospitalini. Ni baraka kubwa. Lakini pia ndiyo mali ya bei kubwa kuliko zote ambazo kikundi kimewahi kuwa nazo, na mara nyingi bado ina deni.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea kilikuwa na gari ya namna hiyo. Injini nzima, bodi nzuri, tairi mpya. Lakini ilikuwa imesimama chini ya mti kwa miezi minne kwa sababu giaboksi ilikuwa imekufa. Kila mwezi wanachama waliendelea kuchanga pesa za kulipia gari isiyotembea. Mwenyekiti alituuliza, "Sisi tulikuwa tunabadilisha oili kila mara. Sasa kosa letu ni gani?" Mweka hazina akaleta risiti zote. Tulizisoma moja moja. Oili yote iliyonunuliwa ilikuwa ya injini. Hakukuwa na risiti hata moja ya oili ya giaboksi.

Akina mama hao hawakuwa wazembe. Hakuna mtu aliyekuwa amewaambia kwamba gari ya auto ina oili mbili kubwa, kila moja na kazi yake. Basi leo tuelezane.

AUTO INAFANYAJE KAZI?

Miaka ya 1980 na 1990 gari nyingi zilizofika vijijini kwetu, kama Peugeot 504 na pikapu, zilikuwa za gia ya mkono. Leo magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na mengi ni ya auto. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Lakini ikishaingia huuzwa na kuuzwa tena, na inapofika kwa kikundi huenda ina miaka 12 au 15. Giaboksi yake imeshafanya kazi nyingi.

Katika gari ya gia ya mkono, dereva hukanyaga klachi ili kutenganisha injini na giaboksi. Katika auto hakuna pedali ya klachi. Mahali pake kuna chombo cha mviringo kama boga, ambacho mafundi hukiita konvata. Ndani yake kuna magurudumu mawili yenye mapanga kama ya feni, yanayotazamana, na oili katikati. Injini huzungusha gurudumu la kwanza. Gurudumu hilo husukuma oili, na oili huzungusha gurudumu la pili. Mmewahi kuona kinu cha kusaga mahindi kinachozungushwa na maji ya mto? Hapa oili ndiyo maji ya mto. Maji yakipungua, kinu hakisagi.

Oili hiyo hiyo ina kazi nyingine. Pampu huisukuma kwa nguvu kupitia njia ndogo ndogo, nayo hubana pleti za klachi zilizo ndani ili gia ishike. Ndiyo inayobadilisha gia badala ya mkono wa dereva. Ndiyo inayolainisha vyuma visisagane. Ndiyo inayobeba joto na kulipeleka kupozwa, na ndiyo inayobeba uchafu hadi kwenye filta.

Kwa hivyo tusiifikirie kama grisi tu. Oili ya giaboksi ya auto ni kiungo cha mashine, sawa na gia zenyewe. Tena tukumbuke kwamba pampu huzungushwa na injini. Injini ikizima, pampu inasimama na oili haiendi popote. Jambo hili tutalirudia tutakapozungumza juu ya kuvuta gari.

Kuna auto ya aina nyingine inayoitwa CVT. Hii haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaopita juu ya puli mbili ambazo hujipanua na kujibana, na gari hupata nguvu au mwendo bila kushtuka. Mkanda huo hushikwa na nguvu ya oili, na ukiteleza hata kidogo hukwaruza puli. Toyota Probox, ambayo wengi wetu tunaijua, ilitoka mwaka 2002. Zile za auto zilikuwa na gia nne, na za gia ya mkono zilikuwepo pia. Mwaka 2014 ilibadilishwa na kuwekwa CVT. Jina ni moja, lakini oili ni tofauti.

ADUI MKUBWA NI JOTO

Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la nyuzi kama 80 hadi 95. Wahandisi wana kanuni ya makadirio: joto likipanda nyuzi 10 zaidi, maisha ya oili hupungua kwa nusu. Oili ambayo ingekaa miaka minne inakaa miwili, na joto likizidi tena inakaa mmoja.

Joto hili linatoka wapi? Linatoka kwa mzigo uliopita kiasi, milima mirefu, na kuzungusha magurudumu matopeni. Linatoka pia kwa oili iliyopungua au iliyochoka. Halafu kuna rejeta. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lake la pekee. Basi mtu akijaza rejeta maji ya mto badala ya kulanti, kutu na matope huziba. Injini inapata joto, na giaboksi nayo inaumia kimya kimya.

Oili ikishaungua, mabaya hufuatana. Sili za mpira hukauka na kuwa ngumu. Nguvu ya oili huvuja ndani. Pleti hazishiki sawasawa, zinateleza. Zikiteleza zinatoa joto zaidi, na joto linaunguza oili iliyobaki. Ndiyo sababu giaboksi huonekana kama imekufa ghafula, kumbe ilikuwa mgonjwa kwa mwaka mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

JINSI YA KUPIMA OILI

Gari nyingi za auto, hasa za zamani, zina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, mbali na kile cha injini. Mafundi hukiita dipstiki. Muombe fundi au dereva akionyeshe kwa wanachama wote, si kwa mtu mmoja tu. Kisha fuateni hatua hizi:

1. Tembezeni gari kwa dakika 20 au zaidi ili oili ipate moto.
2. Simamisheni mahali tambarare. Vuteni hendibreki. Injini ibaki ikinguruma polepole.
3. Mguu ukiwa kwenye breki, dereva apitishe gia polepole kutoka P hadi R, N, D na nyinginezo, kisha arudi P.
4. Toeni dipstiki, mpanguse kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Hata nyuzi ndogo huweza kuziba njia za oili.
5. Rudisheni dipstiki mpaka mwisho, mtoe tena na msome. Oili iwe kati ya alama mbili za moto, ambazo mara nyingi zimeandikwa HOT. Alama za COLD ni za gari ambayo haijatembea.

Gari nyingi za Honda hupimwa tofauti: baada ya gari kupata moto, injini huzimwa na oili hupimwa mara moja, kabla dakika moja au moja na nusu haijapita. Someni kitabu cha gari yenu.

Oili ikiwa chini ya alama, kuna mahali inavuja, kwa sababu giaboksi haichomi oili kama injini inavyoweza kufanya. Ongezeni kidogo kidogo, mkipima kila mara, kisha mtafute mvujo. Msizidishe. Oili ikipita kiasi hupigwapigwa na vyuma mpaka itoe povu, na povu halina nguvu ya kubana pleti.

Magari mengine hayana dipstiki ya giaboksi. Hayo hupimwa kutoka chini kwa kufungua nati maalumu, oili ikiwa na joto fulani lililowekwa na kampuni. Kazi hiyo mwachieni fundi mwenye kipimo cha joto. Asiyekuwa nacho anabahatisha.

RANGI NA HARUFU VINASEMA NINI?

Dondosheni tone moja kwenye karatasi nyeupe na mtazame.

- Nyekundu au ya waridi, inapenya mwanga: oili ni nzuri.
- Kahawia, bado haina harufu mbaya: imechoka. Pangeni kuibadilisha.
- Nyeusi, na inanuka kama ugali ulioungua: pleti zimeanza kuungua. Muoneni fundi kabla ya safari nyingine.
- Kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi: maji yameingia, mara nyingi kutoka kwa rejeta iliyotoboka ndani. Zimeni gari na msiiendeshe. Maji huharibu gundi ya pleti kwa muda mfupi.

Angalieni lakini, oili nyingine za CVT si nyekundu. Nyingine ni za kijani au njano tangu kiwandani. Kwanza jueni oili yenu mpya inafanana vipi, ndipo muweze kuhukumu ya zamani.

OILI NI OILI, SIVYO?

Sivyo. Hapa ndipo vikundi vingi hupotezea pesa. Fundi anauliza, "Mna oili nyekundu?" Dereva anasema ndiyo, na inamwagwa. Lakini nyekundu ni rangi tu ya kuitofautisha na oili ya injini. Haielezi ndani kuna nini.

Giaboksi ya kwanza ya auto iliyouzwa kwa wingi iliitwa Hydra-Matic. Ilitengenezwa na kampuni ya General Motors ya Marekani kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwa miaka mingi oili zilizotumika kule zilikuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake, kwa sababu yaliwezesha pleti kushikana bila kushtuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilizuia mafuta hayo ili kuwalinda nyangumi, na wenye viwanda walilazimika kubuni dawa nyingine. Tunaeleza haya ili muone kwamba mchanganyiko wa oili hii ni jambo la kupimwa sana. Ikiteleza kupita kiasi, pleti hazishiki. Ikishika kupita kiasi, gari hushtuka.

Kila kampuni ina aina zake. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilitumia oili ya aina ya Dexron. Baadaye nyingi zikatumia iitwayo T-IV, na kisha ikaja WS ambayo ni nyepesi zaidi. T-IV na WS zisichanganywe. Nissan za CVT hutumia NS-2 au NS-3, na Toyota za CVT zina oili yao pia. Kutia oili ya auto ya kawaida ndani ya CVT ni kuiua.

Mtajuaje yenu ni ipi? Someni kitabu cha gari. Kama kimepotea, au kimeandikwa Kijapani, tazameni dipstiki yenyewe, kwa maana mara nyingi jina la oili limechorwa pale juu. Liandikeni jina hilo kwa rangi ndani ya boneti, ili hata fundi wa njiani alione. Mnaponunua, chukueni chupa iliyofungwa, yenye alama ya KEBS, na mdai risiti. Oili inayopimwa kutoka kwa pipa lililo wazi msiikubali, hata kama ni rahisi. Rahisi hugharimu.

KUBADILISHA OILI

Kwa gari inayofanya kazi ngumu kama zetu, yenye mizigo, vumbi na milima, mafundi wengi wazoefu hushauri oili ya giaboksi ibadilishwe kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Msingoje gari ianze kusumbua.

Kuna jambo la kuelewa hapa. Mkifungua nati ya chini, oili yote haitoki. Nyingine hubaki ndani ya konvata na kwenye mabomba. Tuseme giaboksi yenu inabeba lita 8, na zinatoka 4. Mkitia 4 mpya, nusu bado ni ya zamani. Mkitembea wiki moja au mbili na kurudia, zinabaki lita 2 za zamani. Mkirudia mara ya tatu, inabaki lita 1 tu. Kwa njia hii ya polepole oili inasafishwa bila kuisukuma kwa mashine ya nguvu, ambayo inaweza kuhamisha uchafu na kuziba njia ndogo.

Pimeni oili iliyotoka kwa chupa zenye alama ya lita, na mrudishe kiasi kile kile, kisha mpime tena kwa dipstiki. Sampu ikifunguliwa, mwambieni fundi awaonyeshe sumaku zilizo ndani yake. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma au maganda meusi ni habari mbaya. Filta ibadilishwe au isafishwe kulingana na aina yake, na gasketi iwe mpya.

Oili chafu isimwagwe shambani wala karibu na mto. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko, mbali na watoto, na mwipeleke kwa gereji inayokusanya. Mtungi huo usitumiwe tena kwa maziwa wala maji ya kunywa, hata ukioshwa mara kumi.

DEREVA NDIYE DAKTARI WA KWANZA

Mkitafuta dereva, msimuulize leseni tu. Muulizeni kama anajua auto. Aliyezoea gia ya mkono anaweza kuwa dereva mzuri na bado aharibu auto bila kujua. Haya ndiyo ya kumwambia:

- Gari isimame kabisa kabla ya kutoka R kwenda D, au D kwenda R.
- Akiegesha mlimani, akanyage breki, avute hendibreki mpaka ishike, ndipo aweke P. Vinginevyo uzito wote wa gari unashikiliwa na kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi.
- Akingoja mlimani, ashikilie gari kwa breki. Asiishikilie kwa kukanyaga mafuta.
- Kwenye teremko asiweke fri ati anaokoa petroli. Teremko refu kama lile la kuelekea Mai Mahiu lataka gia ya chini, 2 au L, ili injini isaidie breki.
- Kama kuna kidude kimeandikwa O/D, akizime wakati wa kupanda mlima na mzigo. Gia hazitaruka huku na huku, na joto litapungua.
- Akikwama matopeni asikanyage mafuta huku akirusha gia D na R. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kuunguza oili. Abiria washuke, mzigo ushushwe, wachimbe na kuweka mawe na matawi.

Gari ya auto haisukumwi ili iwake. Tumezoea kusukuma gari kila asubuhi ya baridi, lakini hapa mtachoka bure. Injini ikiwa imezima, pampu haisukumi oili, na pleti haziwezi kushika. Azimeni stima kwa waya kutoka kwa betri ya gari nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo, msiivute mbali magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Gari inayoendeshwa na magurudumu ya mbele ivutwe mbele ikiwa imeinuliwa. Ile ya magurudumu manne ibebwe juu ya lori. Tunajua lori ni ghali. Lakini giaboksi inayozungushwa kilomita nyingi bila oili ni ghali zaidi.

MANENO TUNAYOSIKIA

"Hii giaboksi imefungwa, oili yake ni ya maisha yote." Maneno hayo yametoka kwa baadhi ya watengenezaji wenyewe. Lakini tuulize, ni maisha ya nani? Mwenye gari wa kwanza huenda aliiuza ikiwa na miaka mitano. Nyinyi mnaitaka itembee miaka kumi mingine. Hakuna oili isiyochoka kwa joto.

"Gari ya zamani ukiibadilisha oili itakufa." Neno hili lina sababu yake. Mara nyingi watu hubadilisha oili baada ya gari kuanza kuteleza. Wakati huo pleti zimeisha, na oili mpya haiwezi kurudisha pleti. Giaboksi inakufa, na oili mpya inapata lawama. Kama gari bado inashika vizuri, badilisheni polepole kama tulivyoeleza. Kama tayari inateleza, mwiteni fundi aseme ukweli wa hali yake kwanza, msije mkatupa pesa mara mbili.

"Auto haiwezi kazi ya kijijini." Inaweza. Kuna magari ya auto yaliyopita kilomita 300,000 na giaboksi yake ya kwanza. Lakini ni kweli kwamba gia ya mkono huvumilia kusahauliwa kuliko auto, na klachi yake fundi wengi wa jua kali wanaiweza. Kama barabara yenu ni matope miezi sita na hakuna fundi wa auto karibu, gia ya mkono inaweza kuwafaa zaidi. CVT msiinunue kwa kazi ya mizigo mizito.

KABLA YA KUNUNUA

Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Pimeni oili. Injini ikiwa inanguruma na mguu uko kwenye breki, wekeni R, kisha D. Gia ishike ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Iendesheni angalau nusu saa, kwa maana giaboksi mgonjwa huficha ugonjwa ikiwa baridi. Pandeni mlima. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, inateleza. Tazameni chini ya gari kama kuna matone mekundu. Muuzaji akikataa safari ya nusu saa, amewajibu tayari.

DAFTARI NA SANDUKU LA GARI

Shida ya mali ya wote ni kwamba kila mtu hudhani mwenzake ameangalia. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza na kuhesabu gharama. Gari ni mnara wetu. Tusihesabu bei ya kununua tu.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei zenu zitakuwa tofauti, lakini njia ni hii. Tuseme kubadilisha oili ya giaboksi pamoja na filta na kazi ya fundi ni shilingi 12,000 kila kilomita 40,000. Hiyo ni senti 30 kwa kilomita. Gari ikitembea kilomita 100 kwa siku, mnahitaji kuweka shilingi 30 kila siku. Ni kama bei ya kikombe cha chai kibandani. Sasa tuseme giaboksi ya mtumba na kuifunga ni shilingi 60,000. Pesa hizo zingebadilisha oili mara tano, yaani kilomita 200,000. Na bado hatujahesabu maziwa yaliyomwagika gari ikiwa imesimama, wala yule mama aliyepelekwa hospitali kwa pikipiki usiku.

Basi tunashauri mambo matatu. Kwanza, chagueni mwanachama mmoja kuwa mlinzi wa gari, na asiwe dereva. Apime oili kila Jumamosi akiwa na dereva. Pili, wekeni daftari lenye tarehe, kilomita, kipimo cha oili, rangi yake, na kazi iliyofanywa. Oili ya injini na oili ya giaboksi ziwe na kurasa tofauti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, wekeni sanduku au akaunti ya gari. Pesa za kila siku ziingie humo kabla ya faida kugawanywa, na zisikopwe kwa jambo lingine, hata likiwa jema.

Mlinzi asome daftari katika kila mkutano wa mwezi. Ni dakika mbili tu, lakini kila mwanachama atajua hali ya mali yake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Gari yetu hutumia oili gani ya giaboksi? Nani anaijua kati yetu?
2. Mara ya mwisho ilibadilishwa lini, na kwa kilomita ngapi? Risiti iko wapi?
3. Gari yetu hutembea kilomita ngapi kwa siku? Tunahitaji kuweka shilingi ngapi?
4. Nani atakuwa mlinzi wa gari, na nani atamsaidia akiwa mgonjwa?
5. Kama bado hatujanunua gari, je, barabara yetu na mafundi wetu wanafaa auto au gia ya mkono?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na awalinde njiani.